"Tuyamalize humu humu": dhana zinazowaumiza watoto shuleni

Wiki hii nimeisikia tena, safari hii kwa mzazi wa kamati hapa Tabora: "Mwalimu, hii ni shule ya Kanisa. Tuyamalize humu humu, tusilichafue jina." Mimi ndiye mwalimu wa ulinzi wa mtoto shuleni kwetu, na kauli hiyo imenichosha, kwa sababu kila inaposemwa kuna mtoto aliyefanyiwa ukatili wa kingono anayesubiri msaada.

Kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aifikishe serikali za mitaa. Hakikuziacha nje shule za dini. Mkuu wa shule, matroni, mpishi, mlinzi wa getini, wote wamo. Kanisa nalo halitoi kichaka cha kujificha: katika Vos estis lux mundi, sheria ya Kanisa ya mwaka 2019, Papa Francisko aliwataka mapadre na watawa watoe taarifa upesi za unyanyasaji unaofanywa na wenzao, na sheria za nchi zifuatwe. Wengine hunitajia siri ya kitubio. Siri hiyo haivunjwi, lakini matroni aliyeambiwa na mtoto bwenini saa nne usiku hakuwa anaungamisha.

Kinachoniuma zaidi ni huko "kuyamaliza" kwenyewe. Wazee wanaitwa, ng'ombe wawili wanatajwa, mtoto anahamishwa, na aliyemtenda anabaki kazini. Wakati vikao vinaendelea, saa zinakwenda: dawa za kuzuia maambukizi ya VVU baada ya kubakwa huanzwa ndani ya saa 72, na kila saa ya mapema ina faida. Halafu mlezi, kwa huruma tu, anamwogesha mtoto na kufua sare. Ushahidi umekwenda na maji! Tafadhali, msimwogeshe. Nguo ziwekeni kwenye bahasha ya karatasi, si mfuko wa plastiki, mkimbieni hospitali, na Dawati la Jinsia na Watoto polisi lipewe taarifa siku hiyohiyo.

Kila mara nasisitiza daftari. Andika maneno ya mtoto yaleyale, tarehe na saa, kisha weka sahihi. Usimhoji, na usithubutu kumuuliza kwa nini hakupiga kelele.

Dhana nyingine ninazozisikia ni hizi. "Sina ushahidi, nitasingizia mtu." Hukuombwa ushahidi. Umeombwa taarifa, kuchunguza ni kazi ya polisi na ustawi wa jamii.

"Walikubaliana." Kwa mwanafunzi wa chini ya miaka 18, ridhaa haimwokoi mtuhumiwa.

"Wavulana wako salama." Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 ulikuta karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Bweni la wavulana linahitaji patroni wa zamu kama lile la wasichana.

"Tumejenga ukuta." Ukuta humzuia mgeni, na mara nyingi mtendaji ni mtu ambaye mtoto anamfahamu.

Namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto ni bure. Kwetu tumeibandika ndani ya milango ya vyoo, mtoto anapoweza kuisoma bila kutazamwa, na matroni wa zamu ana simu ambayo mtoto akiiomba kupiga namba hiyo haulizwi sababu.