Maua Mengi Huuawa na Maji, Si na Jua

Kila msimu wa joto, malalamiko yanayowafikia maofisa wa bustani na afya ya mimea ni yaleyale: "Namwagilia asubuhi na jioni, lakini maua yanakufa." Nia ni njema kabisa. Kosa mara nyingi limo ndani ya sentensi hiyohiyo.

Maji kidogo ya kila siku huishia sentimita mbili tatu za juu. Mizizi hufuata unyevu, hivyo nayo hubaki hukohuko juu, na tabaka hilo ndilo jua hulikausha kwanza. Mwagilia mara chache, lakini mwagilia hasa. Lita 1 ikimwagwa kwenye mita 1 ya mraba ni sawa na milimita 1 ya mvua. Maua mengi ya msimu yaliyokwisha kushika mizizi hutosheka na takriban lita 25 kwa kila mita ya mraba kwa wiki. Joto likizidi na upepo ukiwa mkavu, yanaweza kuhitaji hata lita 40. Gawa kiasi hicho mara mbili au tatu kwa wiki. Udongo wa kichanga hautunzi maji, kwa hiyo gawa mara tatu au nne. Saa moja baada ya kumwagilia, chimba kidogo pembeni mwa mmea: unyevu uwe umefika sentimita 15 hadi 20. Ukikuta pakavu sentimita 5 tu chini, umelowesha vumbi.

Jambo hili limeelezwa mara nyingi na bado halisikiki: majani kunyong'onyea saa nane mchana si lazima kuwe dalili ya kiu. Wakati huo majani hupoteza maji kwa kasi kuliko mizizi inavyoweza kuyapandisha, hata udongo ukiwa na unyevu wa kutosha. Subiri jua lishuke. Mmea ukiinuka wenyewe jioni, uache. Ukiwa bado umelegea alfajiri, chomeka kidole. Pakiwa pakavu, mwagilia. Pakiwa chepechepe, mizizi inaelekea kuoza kwa kukosa hewa, na kuongeza maji ni kuumaliza.

Saa nzuri ya kumwagilia ni asubuhi mapema, kwa sababu maji machache hupotea hewani na majani hukauka kabla ya usiku, jambo linalopunguza magonjwa ya madoa. Dai kwamba matone huunguza majani kama kioo cha kukuza halina msingi kwa majani ya kawaida yasiyo na vinyweleo. Kwa hiyo mmea uliokauka kweli mchana umwagilie mchana huohuo.

Kabla ya kupanda, tandaza mboji au samadi iliyoiva unene wa sentimita 5, yaani lita 50 kwa mita ya mraba (madebe mawili na nusu ya lita 20), kisha ichanganye na udongo hadi kina cha sentimita 20. Samadi mbichi ina amonia na chumvi zinazounguza mizizi. Baada ya kupanda, weka matandazo ya nyasi zisizo na mbegu au majani makavu, sentimita 5 hadi 7, ukiacha nafasi kuzunguka shina ili lisioze.

Anayeanza achague zinia, kosmosi, marigoldi, portulaka, vinka au alizeti. Zinia ipandwe palepale itakapokaa, kina kisichozidi sentimita 1, nafasi ya sentimita 25 hadi 30. Ikifika sentimita 15 ikate ncha ya juu ili itoe matawi. Mbegu za portulaka huhitaji mwanga ili kuota: zibonyeze juu ya udongo, usizifukie. Miche ya kitaluni izoezwe jua kidogokidogo kwa siku 7 hadi 10, ihamishwe jioni, na ipewe kivuli chepesi wiki ya kwanza. Ikianguka ikiwa imesinyaa shinani ni kinyausi, ugonjwa wa kuoza kwa miche: imebanana na udongo umelowa mno.

Vyungu ni habari nyingine. Huchemka na kukauka upesi, na vingine huhitaji maji kila siku. Tumia chenye kipenyo cha sentimita 30 au zaidi, cha rangi nyepesi na chenye matundu. Kokoto za chini hazisaidii kutoa maji. Hupunguza tu nafasi ya mizizi.

Mbolea yenye naitrojeni nyingi huleta majani bila maua. Usiiweke kwenye udongo mkavu.

Kwenye joto na ukavu, geuza majani uangalie utitiri mwekundu na utando wake. Anza kwa kuuosha na maji ya nguvu. Ukilazimika kutumia kiuatilifu, hakikisha kimesajiliwa, fuata kipimo cha kwenye lebo, na nyunyiza jioni nyuki wakiwa wamerudi mzingani. Chupa tupu isuuzwe mara tatu, maji ya suuzo yarudishwe kwenye bomba la kunyunyizia, kisha itobolewe. Haiwekwi mafuta wala maji ya kunywa.

Wapo wanaobeba vipandikizi kutoka nchi nyingine kwa hoja ya "ni kijiti kimoja tu". Gugu maji, mmea unaoelea na kuziba maziwa na mito, lilitoka Amerika ya Kusini na kusambazwa duniani kwa sababu ya uzuri wa ua lake. Ukitaka kuleta mmea kutoka nje, fuata hatua hizi. Kwanza, uliza mamlaka ya afya ya mimea ya nchi yako kama mmea huo unaruhusiwa. Pili, pata kibali cha kuingiza kabla ya kununua, si baada. Tatu, mpelekee muuzaji masharti ya kibali ili mamlaka ya kwao ikague mmea na kutoa cheti cha afya ya mimea, chini ya Mkataba wa Kimataifa wa Ulinzi wa Mimea wa mwaka 1951. Nne, utangaze mzigo mpakani. Mbegu za ndani ya bahasha nazo ni mzigo. Usipofuata hatua hizi mmea unaweza kutaifishwa, kuteketezwa au kurudishwa kwa gharama yako, na katika nchi nyingi kuna faini au mashtaka juu yake.

Mche wowote mpya, hata wa jirani, utenge na mingine kwa siku 14, ukikagua chini ya majani kila baada ya siku mbili.