Basi ni mkia tu

Juzi nipo kwenye daladala ya Mbagala, konda anagonga bodi anapiga kelele "basi basi, imejaa!" nikasikia abiria mmoja anamuuliza mwenzie, hivi hili basi la kupanda na lile la kutosha ni neno moja? Mimi kazi yangu ndo hiyo, asili za maneno, nikauma ulimi mpaka nikashuka ila hapa sinyamazi.

Sio moja. Lile la kutosha ni la Kiajemi, Wahindi nao wanalo mpaka leo. La kupanda limetoka Ulaya na ndo lenye vituko.

Kwa Kilatini omnibus ni "kwa ajili ya wote". Omni ndo wote, hiyo bus ni mkia wa sarufi tu, inafanya kazi kama "kwa" yetu. Mwaka 1826 pale Nantes, Ufaransa, kuna jamaa anaitwa Stanislas Baudry alikuwa na kinu cha unga cha mvuke, maji ya moto yanabaki akaona asiyamwage, akafungua bafu za kulipia, zikawa mbali na mjini ikabidi aweke gari la farasi la kubeba wateja, kumbe watu wanapanda wanashukia njiani na shida ya kuoga hawana! Akajua hela iko kwenye gari, na gari lenyewe likaitwa omnibus. (Ile stori kwamba jina lilitoka kwenye duka la kofia la bwana Omnès inapendwa sana lakini ushahidi wake mwembamba.)

London wakapata la kwao tarehe 4 Julai 1829, la George Shillibeer, farasi 3, Paddington mpaka Bank, pale kwenye Benki Kuu ya Uingereza. Waingereza wakaona neno refu, wakakata kichwa wakabaki na bus. Yaani wametupa "wote" wakabakiza "kwa". Ni sawa na umwambie mama mkwe, shikamoo mama, nimechelewa, kwa ilijaa, nikangoja kwa nyingine.

Na mkia wenyewe ukaanza kuzaa: minibus, trolleybus, hadi Airbus ya angani. Hata basba ya mafundi umeme, kile kipande cha shaba cha kugawa umeme kwenye bodi ya umeme, ni omnibus hiyohiyo, kinalisha saketi zote.

Sisi tukalipokea bila maswali, basi, mabasi, kama jina, majina. Sasa kichekesho, ile bus kwenye Kilatini tayari ni wingi, kwa hiyo mabasi ni wingi juu ya wingi, na Mwingereza asitucheke maana na yeye anasema buses.