Mifupa Iliyovunjika na Maisha ya Watawa wa Cambridge

Wengi huamini kwamba mtawa wa Enzi za Kati aliishi salama nyuma ya kuta, akisali na kunakili vitabu, mbali na hatari zilizowakabili wakulima na mafundi. Mimi ninayechunguza mifupa ya kale siikubali picha hiyo, na ushahidi ninaoutegemea zaidi unatoka Cambridge, Uingereza, ambako nyumba ya Waagustino, shirika la watawa wa Kikatoliki, iliyoanzishwa katika miaka ya 1280 ilidumu hadi 1538.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulichunguza mabaki ya watu 314 waliozikwa mahali patatu mjini humo. Katika parokia ya watu wa kazi za mikono, asilimia 44 walikuwa na mifupa iliyovunjika. Kwa Waagustino asilimia 32, na katika hospitali iliyohudumia maskini na wagonjwa asilimia 27. Kazi nzito inaeleza sehemu kubwa ya tofauti hiyo, lakini hiyo 32 nayo si ndogo. Ni kweli kwamba wafadhili matajiri walizikwa pia kwa Waagustino. Hata hivyo, watawa walizikwa na mavazi yao, na bizimu ya mkanda hubaki kiunoni hata nguo ikishaoza, hivyo tunaweza kuwatambua.

Mmoja wa wenye bizimu alivunjika mifupa yote miwili ya mapaja, katikati kabisa. Mfupa wa paja ni imara mno, na kuvunjika kwa yote miwili kwa namna hiyo leo tunakuona kwa watembea kwa miguu waliogongwa na gari. Watafiti wanadhani aligongwa na mkokoteni, na huenda ndicho kilichomuua. Tunapotazama jeraha kama hilo, tunatafuta kwanza uvimbe wa mfupa mpya, ambao hujitokeza mfupa unapoanza kuunga. Usipokuwapo, tunaangalia kingo, kwa kuwa palipovunjika karibu na kifo huwa na rangi ileile ya mfupa wote, ilhali palipovunjwa na sepetu ya mchimbaji huwa peupe.

Dhana ya mkokoteni naiona ina uzito, kwa sababu Waagustino hawakujifungia ndani: walihubiri, waliomba sadaka na kupita katika barabara zilezile walizopita wachuuzi na farasi wao. Ugomvi nao uliwafikia. Mtawa mwingine alivunjika kigasha, kama mtu aliyeinua mkono kukinga pigo, na fuvu lake lina alama ya kupigwa kwa kitu butu.