Obitali si njia ya elektroni: dhana potofu kuhusu namba za kwantamu

Dhana iliyoota mizizi kuliko zote ni kwamba elektroni hukizunguka kiini cha atomu kama sayari zinavyolizunguka jua. Picha hiyo ilitokana na modeli ya Niels Bohr ya mwaka 1913, na ingali ikichorwa ubaoni kwa kuwa ni nyepesi kuchora. Ukweli ni kwamba tangu Erwin Schrödinger atoe mlinganyo wake mwaka 1926, obitali hueleweka kuwa ni wimbi, ambalo ukubwa wake ukizidishwa kwa wenyewe hutupa uwezekano wa kuipata elektroni mahali fulani. Hali ya kila elektroni katika atomu huelezwa kwa namba nne za kwantamu: n ya ganda, l ya umbo la obitali (s, p, d na kadhalika), m ya mwelekeo wake, na ya spini. Tena elektroni ya obitali s, ambayo namba yake ya l ni 0, haina momentamu yoyote ya mzunguko, na hakuna sayari inayoweza kuwa katika obiti kwa hali hiyo.

Wapo wanaoiacha picha ya sayari lakini wakaidhania obitali kuwa chombo chenye kuta: tufe kwa s, na maputo mawili yaliyofungwa pamoja kwa p. Mpaka unaochorwa vitabuni ni chaguo la mchoraji, ambaye mara nyingi huzungushia eneo lenye asilimia 90 ya uwezekano. Asilimia 10 iliyobaki iko nje, ikififia pasipo kufika ukingo. Hapo wanafunzi makini huuliza: ikiwa kati ya pande mbili za 2p (obitali p yenye n = 2) pana bapa lenye uwezekano wa sifuri, elektroni hulivukaje? Swali ni zuri sana, ila bado limebeba dhana ya elektroni kuwa kijipira kinachosafiri. Uzi wa ala ya udi unaotetema kwa sehemu mbili huwa na nukta iliyotulia katikati, na mtetemo hauhitaji kuivuka, kwa sababu uko pande zote mbili kwa wakati mmoja.

Si kweli pia kwamba n peke yake huamua nishati. Ndivyo ilivyo kwa haidrojeni, lakini katika atomu yenye elektroni nyingi l nayo huhesabiwa. Wala kanuni ya kujaza 4s kabla ya 3d haimaanishi kwamba 3d hutoka kwanza: atomu ya chuma ikipoteza elektroni mbili, zinazotoka ni za 4s.

Namba ya nne, ya spini, haihusiki na umbo lolote. Thamani zake, +½ na −½, hazielezi kijipira kinachojizungusha, bali sifa ambayo elektroni huwa nayo daima, kama ilivyo chaji yake.