Lengelenge la Kutu Halitibiwi kwa Puti

Wiki hii tena mteja ameniletea Corolla ya miaka ya 1990, akagusa lengelenge dogo la rangi juu ya gurudumu la nyuma, akasema, “Fundi, ni kadoa tu haka, piga msasa, pitisha puti, jioni nije nichukue gari.” Nimeyasikia maneno hayo mara nyingi mno hapa Mombasa, ambako upepo wa bahari huleta chumvi juu ya bati usiku na mchana.

Lengelenge la namna hii huonekana kutu ikiwa imeshakolea. Chuma kikishageuka kutu huhitaji nafasi kubwa kuliko awali, kwa hiyo kutu iliyoanzia ndani, pale mabati mawili yanapopandana na tope likakaa na unyevu, huvimba hadi ikaisukuma rangi. Nilipoligusa doa lile kwa ncha ya bisibisi, bisibisi ilizama, na mchanga uliochanganyika na unga mwekundu ukamwagika sakafuni.

Puti ni ya kusawazisha bonde juu ya bati lisilotoboka, tena kwa safu nyembamba. Puti ya kawaida, yenye unga wa talki, hufyonza maji. Ukiizibia tundu, maji yanayorushwa na gurudumu huipata kwa nyuma, nayo hukinywesha chuma polepole chini ya rangi inayong’aa.

Kata mpaka ufikie bati safi, hata kama tundu litakuwa mara tatu ya doa, kisha weka kiraka cha unene uleule na ukichomelee nukta kwa nukta, ukirukaruka ili joto lisipinde bodi. Kusaga, praima (rangi ya msingi) na rangi sina haja ya kuvieleza.

Kinachoniudhi zaidi ni upande wa nyuma kusahauliwa. Joto la kuchomelea huunguza kinga ya ndani, na hapo ndipo kutu hurudi. Mimi hupuliza nta kwa mrija bodi ikishapoa, lakini siwezi kuapa kwamba imefika kila kona ya uwazi uliofungwa ndani ya bodi, wala simwamini fundi anayeapa.

Tena kuna matundu ya kutolea maji chini ya milango, ambayo baadhi ya mafundi huyaziba kwa puti wakidhani yametobolewa na kutu. Mlango mmoja wa Corolla hii ulikuwa umezibwa hivyo. Nilipouzibua, maji ya mvua yalitiririka hadi miguuni pa mwenye gari, naye akaniambia nikate panapohitaji kukatwa.