Mwenye kelele ni chura wa gramu nne

Theluji haijaisha kuyeyuka, miti haina hata jani, na jua likizama tu bonde zima linalia: pii, pii, pii. Wageni wengi mashariki mwa Marekani na Kanada hudhani ni ndege. Wengine husema nyenje. Ni chura, Pseudacris crucifer, ambaye hafiki sentimita 4 na uzito wake ni gramu 3 hadi 5. Akijikunyata anatosha juu ya kidole gumba. Ana rangi ya jani kavu, na mgongoni ana alama kama X. Ndiyo iliyompa jina, maana crucifer kwa Kilatini ni mbeba msalaba.

Wanaoita ni madume peke yao. Dume hufumba mdomo, akazungusha hewa kati ya mapafu na kifuko cha ngozi kilicho chini ya koo, kikavimba kama puto. Jike humpendelea anayeita upesi zaidi, na joto likipanda kidogo wote huongeza mwendo. Wajanja nao hawakosekani: dume mwingine hujibanza kimya karibu na mwenye sauti, akimvizia jike aliyeitwa na mwenzake.

Ajabu kubwa, kwangu mimi, ni alivyoupita msimu wa baridi. Hachimbi shimo refu. Hulala chini ya majani makavu au gome la mti. Barafu ikianza kuingia mwilini, ini humwaga glukosi kwenye damu, na sukari hiyo huzilinda seli. Maji yaliyo nje ya seli huganda, moyo husimama. Joto likirudi anayeyuka, kisha anaelekea dimbwini kuimba.

Dimbwi analolitaka ni lile la muda, linalokauka kiangazi, kwa kuwa halina samaki wa kula mayai na viluwiluwi. Jike hutaga mayai kwa mamia, moja moja, kwenye vijiti na majani ya majini. Basi ukiona maji yametuama nyuma ya nyumba mwezi Aprili, usikimbilie kuyafukia.

Ukitaka kumwona, nenda na tochi. Ukifika watanyamaza wote, kama waliokatiwa umeme. Simama tuli, zima taa. Baada ya dakika chache mmoja ataanza, wa pili atajibu. Hapo washa taa na umulike chini, kwenye nyasi za ukingoni, utafute kile kifuko kinachong'aa.