Wimbo wa kijijini peke yake hautoshi

Watu wakisikia watunzi wa muziki wazalendo wa Urusi wanadhani kazi yao ilikuwa kuokota nyimbo za wakulima, kuzipachika kwenye opera, basi imeisha. Hapana jamani. Chukua "Slava", wimbo wa zamani wa huko. Beethoven, Mjerumani, aliutia kwenye kwateti yake (muziki wa vyombo vinne) ya Opus 59 namba 2, mwaka 1806, na hakuna anayemuita Mrusi kwa hilo. Baadae Mussorgsky, mmoja wa watunzi hao wa Urusi, akauchukua wimbo uleule kwa sehemu ya kutawazwa mfalme kwenye opera yake Boris Godunov, na hapo ghafla uko Kremlin. Kwanini?

Sikiliza kengele. Kabla kwaya haijaingia, okestra inapokezana kodi mbili tu (kodi ni noti kadhaa zinazopigwa pamoja). Kama una kinanda karibu jaribu: A flati, C, E flati, G flati, halafu D, F shapu, A, C. Darasani tunafundishwa kodi za hivi lazima zipate pa kutua, ya kwanza iende D flati, ya pili iende G, ila Mussorgsky anagoma, haendi popote, C inabaki palepale na F shapu pia (kwenye kinanda ndo hiyohiyo G flati), zile zingine zinayumba pembeni yake kama kengele kubwa ya kanisa ikipigwa. Huo sasa ndo Urusi, na wimbo wenyewe bado haujaanza!

Angesoma konsavatori (chuo cha muziki) ya St. Petersburg, ile aliyoanzisha Anton Rubinstein 1862, nadhani wangemkatia wino mwekundu. Lakini kundi lake na watunzi wenzake wazalendo lilikuwa la watu wenye kazi zingine: Borodin mkemia, Cui mhandisi wa ngome za jeshi, Rimsky-Korsakov mwanamaji, Mussorgsky mwenyewe karani wa serikali. Balakirev ndo alikuwa kiongozi, mkali balaa.

Utata ni kwamba Rimsky-Korsakov alipewa uprofesa konsavatori 1871, ikabidi ajifungie asome kanuni upya, na Mussorgsky alipofariki 1881 huyu rafiki akaanza "kumsahihishia". Boris yake ya 1896 imelainishwa mno kwa maoni yangu, japo Boris ya mkono wake ndo iliyofika Paris 1908 na mwimbaji Chaliapin akaitikisa, hilo simnyimi.

Ukiitafuta mtandaoni angalia ni toleo gani. La 1869 ni fupi na kavu, kurugenzi ya matheta ililikataa, halina mhusika mkubwa wa kike. Mi ningeanza na la 1872.